Marehemu Anayejibu Barua

Hoi An, 3 Mei 2019

Mdogo wangu Ngoan,

Pokea salamu za kaka yako Khiem, ambaye bado yu hai, watu wengi wakisikitika. Goti la kushoto linauma na la kulia linalionea wivu. Masikio yako je? Toan aliniambia, "Baba Mkubwa, mpigie shangazi simu." Nikamwambia, "Mjinga wewe, shangazi yako kiziwi kama ukuta, nikimpigia atasikia nini?" Ndiyo maana naandika, na mwandiko ni ule ule wa darasa la nne, kama kuku waliopigana matopeni. Vumilia.

Habari za nyumba. Toan ameimaliza. Marehemu mdogo wetu angefufuka leo asingejua mwanawe ameigeuza nini: hoteli ya vyumba saba kwa watu wenye nafasi. Kilichokuwa chumba changu sasa kina beseni la kuogea katikati ya sakafu, limekaa kama nyati aliyechoka, bila pazia. Wageni wanalipenda, wanalipiga picha kabla hawajalitia maji. Mimi nimehamia nyuma ya jiko, penye joto zuri kwa magoti. Usianze kulalamika, nilichagua mwenyewe.

Sasa la maana. Mwaka huu kumbukumbu ya kifo cha Mama iliangukia siku hoteli imejaa. Toan alitaka tuifanye kimya jikoni. Nikakataa, tukatandika ukumbini mbele ya madhabahu ya wazee wetu, kuku mzima na kichwa chake, tambi, nguruwe wa kukaanga. Bibi mmoja Mholanzi akachungulia. Utamfukuza mgeni kwenye karamu ya marehemu? Akakaa. Akamwita mumewe, mumewe akawaita wa chumba cha pili. Wakawasha udi, wakachoma nguo za karatasi na fedha bandia za marehemu kutumia kuzimu, wakala, wakalia kidogo. Kesho yake yule bibi akaandika kwenye intaneti kwamba amelala katika hoteli nyingi za Asia lakini hajapata kuguswa hivi. Akatoa nyota tano.

Wiki iliyofuata waliofika wakauliza mapokezini, "Kumbukumbu ya bibi ni lini?" Toan bila kupepesa akajibu, "Ijumaa."

Basi, Ngoan, Mama yetu sasa anakufa kila Ijumaa saa moja jioni. Wasiokula nyama wana meza yao.

Nilimwambia Toan, "Mwanangu, kumbukumbu ni mara moja kwa mwaka." Akanijibu, "Baba Mkubwa, mtaa huu una hoteli nyingi kuliko mbwa. Zote zina beseni. Bibi tunaye sisi tu."

Kuna jambo jingine dogo kuhusu karamu hizo, lakini karatasi imekwisha.

Kaka yako,
Khiem


Sa Dec, 21 Mei 2019

Kaka Khiem,

Barua imefika, ina alama ya mchuzi. Karatasi imekwisha, unasema, na upande wa nyuma ni mweupe kabisa.

Sisi huku tupo. Binti yangu Uyen anapogoa waridi tangu asubuhi, mimi nakaa kivulini na kumpa amri ambazo hazifuati. Mkwe wangu amenunua pampu mpya na anailalia kama mke. Masikio ni yale yale, namshukuru Mungu, maana majirani wamepata redio.

Kuhusu Mama nimecheka mpaka Uyen akaja mbio. Mama yule, aliyekuwa akisikia mgeni mlangoni anamfunika kuku kwa kapu! Leo analisha Waholanzi kila wiki. Mwonee huruma.

Lakini nijibu moja. Picha yake ilikwenda na mafuriko tukiwa vijana, tangu hapo tulikuwa na kibao cha jina tu. Hao wageni wanawasha udi mbele ya nini?

Mdogo wako,
Ngoan


Hoi An, 18 Juni 2019

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa vizuri, umekula, umelala na hujaanguka popote. Hapa jua linachoma hata kivuli chake. Mama Xuyen, mpishi wetu, anakusalimu. Anasema hakumbuki sura yako lakini anakumbuka ulimwibia ndizi.

Umeuliza mambo mengi, nitajibu yale ninayoyaweza. Wageni wanaongezeka. Kuna aliyetoa nyota nne badala ya tano, kwa sababu kuku alikuwa wa baridi. Binti wa mapokezi akaandika kwa adabu kwamba sisi tunamwacha marehemu ale kwanza, na hatugusi chakula mpaka udi uishe kuungua. Mgeni akajibu kwamba anaheshimu hilo, lakini je, marehemu hawezi kula upesi? Nilicheka. Ijumaa iliyofuata nikaona udi mfupi kama kidole. Toan ameukata kwa mkasi wa jikoni. Mama sasa anakula kama abiria anayeogopa kuachwa na basi.

Bibi mmoja aliomba chakula kisicho na mchuzi wa samaki, ambao sisi tunatia katika kila kitu, na Mama Xuyen akaomba kiti akae. Na bwana mmoja, mpole, mwenye ndevu, aliniuliza kama siku nikifa mimi itakuwa Ijumaa pia, maana angependa kurudi.

Kuhusu picha: picha ipo. Ina fremu ya dhahabu. Tuiache hapo.

Sasa nijibu wewe. Unakula? Unalala? Kifua? Tumbo? Vaa kitu chekundu kila siku, hata kitambaa tu. Usiniulize kwa nini.

Khiem


Sa Dec, 16 Julai 2019

Kaka,

Salamu zako nimepata, na maswali yako, mengi kuliko ya daktari. Huku mvua imeanza, vitanda vya maua vimesimama majini na Uyen anapita kati yake kwa mtumbwi. Nimevaa nyekundu, rangi ya maharusi. Ameniuliza kama naolewa.

Siumwi kitu. Nimepungua kidogo, nguo zinanizunguka, na chakula cha jioni kinanishinda. Ni joto. Cha ajabu tu, siku za Ijumaa jioni najisikia nimeshiba kabla sijakaa mezani.

Kwa nini nivae nyekundu?

Ngoan


Hoi An, 24 Julai 2019

Ngoan, Ngoan, Ngoan,

Salamu chukua mwenyewe kwenye barua zilizopita, leo sina.

Siku ya kumbukumbu ya Mama, asubuhi, nilikwenda kwa kinyozi. Toan akafungua sanduku la Baba, akakuta picha ya msichana mwenye kanzu nyeupe ya ao dai, kasimama kando ya maua ya karatasi ya mpiga picha, shingo ndefu, anamtazama mpiga picha kama anayemdai. Akasema moyoni, huyu ndiye bibi. Baba yake hakuwahi kumwambia kwamba ile ya bibi ilikwenda na mafuriko. Akampelekea fundi aikuze mpaka ikawa kubwa kama dirisha. Niliporudi na nywele zangu mpya, ulikuwa umeshaning'inia juu ya madhabahu, udi unafuka puani mwako.

Ni wewe. Wewe wa miaka ishirini, kabla ulimi wako haujakomaa.

Nilicheka. Nisamehe. Nikasema wageni wakiondoka nitamwambia. Nilipomwambia ilikuwa hivi, kwenye ngazi:

"Yule si bibi yako. Yule ni shangazi yako Ngoan."

"Shangazi wa Sa Dec?"

"Unaye mwingine?"

"Aliye hai?"

"Mpaka jana alikuwa hai."

Akakaa chini palepale. Amesoma Da Nang, ana kompyuta mbili, lakini hilo halihitaji shule. Mtu aliye hai ukimwekea bakuli la wali na kumwashia udi, unamwita aende; nyekundu ni ya kuzuia hilo. Nikasema, basi tumshushe leo. Akanishika suruali.

"Baba Mkubwa, uso ule uko mlangoni. Uko kwenye intaneti. Uko kwenye sabuni."

"Sabuni gani?"

"Za chumbani. Kwenye karatasi ya kufungia."

Anasema tusubiri msimu wa wageni upite. Kila siku anasema hivyo, na kila siku msimu haupiti. Watu kumi na mmoja wanakula kutokana na hoteli hii, mimi nikiwa wa kumi na mbili.

Na hata nikitaka kukushusha mwenyewe, uso ukishawashiwa udi hauondolewi bila ruhusa ya marehemu, unajua. Nikachukua sarafu mbili na kisahani. Moja ikilala kichwa na nyingine mgongo, marehemu amekubali. Nikazirusha, zote kifudifudi. Tena, kifudifudi. Mara ya tatu ndipo nikajiona punguani: namwuliza nani? Marehemu mwenyewe yuko Sa Dec na anajibu kwa posta!

Basi nakuuliza wewe. Tukushushe? Jibu upesi. Na ule, hata uji. Ule hasa Ijumaa, tafadhali, ushindane nao.

Kaka yako asiyelala


Sa Dec, 2 Septemba 2019

Kaka Khiem,

Anayeandika ni Uyen, mimi nasema tu, mkono umechoka. Shikamoo Mjomba. Hilo ni lake, mimi sikupi shikamoo baada ya mambo uliyonifanyia.

Barua yako haikunikuta. Nilikwenda Saigon kidogo, kutembea. Huku maua ya kuuza mwaka mpya wa Tet yameshapandwa, pampu ya mkwe wangu imeharibika na yeye pia.

Nilijua tangu Mei. Uyen alinionyesha kwenye simu yake, nikajiona nimekufa na nimependeza. Nikasema, ngoja nimpime Kaka, ataweza kukaa na siri kwa muda gani. Ile ya kushiba Ijumaa niliitunga. Nilikuwa nawaza sura yako unaposoma, na nilifurahi siku nzima.

Ruhusa natoa. Nishushe. Sina ugomvi na kufa, lakini kwenye sabuni sikubali, Mholanzi aoshe makwapa kwa uso wangu.

Na usimwandikie Uyen barua ya pembeni kumwuliza chochote. Nimemkataza kujibu.

Ngoan


Hoi An, 30 Septemba 2019

Ngoan mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa Uyen, kwa mkwe na kwa pampu. Hapa mawingu yanajikusanya, watu wa mtaani wameanza kupandisha vitu ghorofani. Mimi sina cha kupandisha.

Nimekushusha. Nisikilize ilivyokuwa.

Sikumwambia Toan. Ijumaa ile ukumbi umejaa, mimi nimevalishwa kilemba na kanzu ya buluu, maana siku hizi ndimi mfiwa mkuu, sikukuambia hilo. Wamefika kwenye supu. Nikapanda kiti, magoti yote mawili yakipinga, nikapaza sauti, "Acheni! Huyu hajafa! Huyu ni mdogo wangu, anaitwa Ngoan, anaishi Sa Dec, ni kiziwi, ana ulimi mchafu, na yu hai!"

Binti wa mapokezi akatafsiri yote, maskini, hata ulimi. Nikakutoa ukutani, nikakukumbatia, nikashuka.

Wakapiga makofi.

Walisimama, Ngoan! Mwanaume mmoja wa Australia alinikumbatia pamoja na fremu, machozi yake yakakudondokea shavuni. Nikapiga kelele, "Yu hai kweli, wapumbavu nyie!" Binti akatafsiri, na hapo wakalia zaidi. Mke wa yule mwanaume akashika mkono wangu akasema, "Ndiyo. Ndiyo. Yu hai." Akagusa moyo wangu kwa kidole. Utamfanya nini mtu kama huyo?

Asubuhi Toan akaja na kahawa. Akiniletea kahawa mwenyewe najua kuna balaa.

"Baba Mkubwa, jana ilikuwa nzuri sana."

"Ipi?"

"Ile ya kumshusha. Wameandika. Mmoja anasema ndilo jambo kubwa aliloliona safari nzima, kuliko mahekalu."

"Toan, nitakupiga kwa kiti."

"Kiti kile kile, Baba Mkubwa, ila tukikaze miguu. Wa Ijumaa hii wameuliza kama utafanya tena."

"Na picha?"

"Si lazima ipande ndipo ishuke?"

Nikamfukuza. Akarudi na Mama Xuyen. Mama Xuyen akasema, "Babu, kila wiki wanamwita aende, na kila wiki wewe unamrudisha. Ukiacha, watakuwa wanamwita tu."

Kwa hiyo Ijumaa nimefanya tena. Unakufa kwenye supu, unafufuka kwenye matunda. Sabuni bado zipo, Toan kanidanganya kwamba ni za mwisho.

Sasa tuache mchezo. Wewe hujawahi kwenda Saigon kutembea. Ulipokwenda mara ya mwisho ilikuwa kumzaa Uyen. Kwa nini mkono umechoka? Nataka kuja. Toan anasema safari ya basi siku nzima na usiku itaniua, nikamwambia vizuri, mtapata Ijumaa mbili.

Niambie nije.

Khiem


Sa Dec, 14 Oktoba 2019

Kaka,

Uyen anakusalimu, analia, kwa hiyo mwandiko ukiharibika ni wake. Maua ya Tet yamefika magotini. Yanapendeza.

Nilianza kuumwa kabla ya Tet iliyopita. Ni ini. Picha iliwekwa baada ya miezi mitatu, hesabu mwenyewe, kwa hiyo wewe, Toan na Mholanzi wenu hamhusiki. Usijipe ukubwa. Saigon walinifungua, wakatazama, wakanifunga, wakanirudisha nyumbani na dawa za maumivu. Daktari kijana, mzuri, anaona haya. Nilimwuliza kama nitaifikia Tet ijayo, akaanza kutafuta kalamu yake.

Usije. Nasema kweli. Nimekuwa mbaya wa kutazama, na ukija utanichekesha, kucheka kunauma kuliko yote. Kaa na ile ya shingo ndefu.

Mwanzoni niliona ni upuuzi ule wa kiti. Sasa Ijumaa ikifika saa moja namwambia Uyen anigeuze nitazame mlango. Nalala nikijua kuna mahali watu wamevaa vizuri, wameacha chakula kinapoa, na mzee mmoja amepanda juu ya kiti anawapigia kelele kwamba sijafa. Duniani watu wangapi wanafanyiwa hivyo? Mimi siamini kwamba inasaidia. Lakini usiache.

Mwambie Mama Xuyen ndizi zile zilikuwa mbichi.

Ngoan


Hoi An, Alhamisi, 14 Novemba 2019

Mdogo wangu Ngoan,

Salamu nyingi. Maji yaliingia mtaani wiki mbili zilizopita, yakafika ngazi ya tatu, yakatoka. Wageni walipelekwa kula kwa mashua na wakasema hawajapata kuona hoteli yenye mambo mengi namna hii. Nilikuandikia mwishoni mwa Oktoba, na tena maji yalipokuwa yanapungua. Labda posta imelowa. Nilifunga mfuko, nikafika mpaka kituo cha mabasi, wakasema barabara ya kusini imekatika. Nikakaa kituoni hadi Toan akaja kunichukua kwa pikipiki. Nilimshika kiuno kama mchumba.

Kila Ijumaa nimepanda kiti, hata ile ya maji, tulipofanyia ghorofani, wageni tisa tu na mishumaa. Kiti kimekazwa miguu. Sasa siwatukani tena. Nasema jina lako, nasema mahali unapoishi, nasema yu hai, nashuka. Binti wa mapokezi anaisema pamoja nami, hahitaji tena kungoja nimalize.

Leo asubuhi nilikuwa nimekaa kitandani natafuta soksi. Toan akasimama mlangoni, ana simu mkononi, ameishika chini, mbali na mwili, kama mtu aliyebeba samaki. Hakuvaa viatu.

Akasema, "Baba Mkubwa. Uyen amepiga."

Nikasema, "Leo siku gani?"

"Baba Mkubwa..."

"Nimekuuliza siku gani, mwanangu."

"Alhamisi."

"Kesho watu wangapi?"

Akafuta uso kwa mkono. "Ishirini na wawili."

"Basi usiniambie. Mimi kesho nina kazi. Nenda, uniambie Jumamosi."

Akaenda. Yuko jikoni na Mama Xuyen, na sufuria hazilii. Mimi nimefunga mlango nakuandikia. Barua hii nitaitia posta leo hii, kabla ya saa kumi, ili iwe imeondoka ikiwa bado Alhamisi.

Kesho saa moja ugeukie mlangoni.

Kaka yako,
Khiem